Msomi aliyerudi au hati ya ardhi: jamii za asili zinaimarishwa na nini hasa?

Nyika Moja
Wakuu, salaam.

Kila ikifika tarehe 9 Agosti, siku ya watu wa asili duniani, simu yangu hujaa picha. Daktari wa kwanza kutoka jamii fulani, rubani wa kwanza, mbunge wa kwanza. Nawapongeza wote kwa moyo mweupe, maana najua mtoto wa mfugaji au wa mwindaji anavuka mangapi mpaka avae joho. Ila mwaka huu nilikaa nikajiuliza: huyo wa kwanza akishapigwa picha, kule alikotoka kumebadilika nini?

Dai langu ni hili, mnipinge: mafanikio ya mtu mmoja hayaimarishi jamii. Kinachoimarisha jamii ni ardhi yake kuwa na karatasi ambayo mtu mmoja hawezi kuiuza.

Mtazameni Edward Loure wa Simanjiro. Mwaka 1970 sehemu ya ardhi ya Wamaasai ilichukuliwa ikawa Hifadhi ya Tarangire, watu wakahamishwa. Alipokuwa mtu mzima, yeye na wenzake wa shirika la Ujamaa Community Resource Team waliishika Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 wakaitumia kwa namna ambayo haikuzoeleka: hati ya hakimiliki ya kimila itolewe kwa jamii nzima, siyo kwa mtu mmoja mmoja. Wahadzabe, wawindaji wa Bonde la Yaeda, wakapata yao 2011. Loure alipopewa Tuzo ya Goldman, ile ya kimataifa ya watetezi wa mazingira, 2016, ekari zaidi ya 200,000 kaskazini mwa Tanzania zilikuwa zimelindwa kwa njia hiyo.

Huyo ndiye namwita kiongozi aliyeimarisha jamii. Wengi tunaowasifu wamejiimarisha wenyewe.

Karibuni.

Kifaru Mpole
Kabla hatujaenda mbali, hawa "watu wa asili" ni akina nani? Mimi Mbena wa Njombe. Babu wa babu yangu kazikwa pale pale. Sikuletwa na meli. Mimi nami si mwenyeji asilia? Neno hili nikilisikia Afrika naona linatugawa, na nchi hii imehangaika miaka mingi kuondoa ukabila.

Wakili wa Mwembeni
Kifaru, swali lako ni halali na ni la zamani. Mwaka 1989 Moringe ole Parkipuny, mtu wa Ngorongoro aliyewahi kuwa mbunge wa huko, alisimama Geneva mbele ya Kikundi Kazi cha Umoja wa Mataifa cha watu wa asili. Alikuwa Mwafrika wa kwanza kuipeleka hoja hiyo pale. Hakusema Wamaasai walifika kabla ya Wabena. Alisema kuna wafugaji na wawindaji ambao maisha yao yameshikana na ardhi fulani, na serikali zilizokuja baada ya uhuru ziliyaona maisha hayo kuwa aibu ya kufutwa. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu baadaye ilifuata mwelekeo huo huo: swali si nani alitangulia kufika, ni nani anabaguliwa kwa sababu ya namna anavyoishi, na yeye mwenyewe anajitambuaje.

Azimio la Umoja wa Mataifa la Haki za Watu wa Asili lilipopigiwa kura tarehe 13 Septemba 2007, nchi 144 zilikubali, 4 zikakataa, 11 hazikuegemea upande. Zilizokataa ni Marekani, Kanada, Australia na New Zealand, na zote zilibadili msimamo baadaye. Tanzania ilikubali. Kenya ilikuwa miongoni mwa zile 11.

Na hapa namgeukia mleta mada. Parkipuny hakuacha hati ya ardhi. Aliacha hoja. Hao wote wanaodai haki leo kwa jina la watu wa asili wa Afrika wanapita kwenye mlango aliousukuma yeye. Utamweka wapi kwenye mizani yako?

Kifaru Mpole
Nimeelewa kidogo. Sijakubali, ila nimeelewa. Endeleeni, nafuatilia.

Enkare
Naandika kutoka upande wa Kenya, Trans Mara. Nyika Moja, nakuheshimu lakini hapo kwa "wamejiimarisha wenyewe" umeteleza.

Kakenya Ntaiya wa Enoosaen alichumbiwa akiwa na miaka mitano. Alimwambia babake atakubali kupitia tohara ikiwa tu ataachwa amalize shule. Akamaliza. Akapata nafasi ya chuo Marekani, na hapo ndipo ungetaraja hadithi iishe kama zile picha zako. Lakini alienda kwa wazee kuomba baraka na mchango, akaahidi kurudi kuwafaa. Kijiji kikachanga. Alisoma mpaka udaktari wa falsafa. Mwaka 2009 shule ya wasichana ikafunguliwa Enoosaen na wanafunzi 30, na sharti la kuingia ni mzazi akubali kwamba binti hatakeketwa wala kuozwa akiwa shuleni.

Mimi nimewaona wasichana wa pale. Usiku wanasoma, asubuhi wanaimba, na ukiongea nao wanakutazama machoni. Mamangu hajawahi kumtazama mwanaume mzee machoni maisha yake yote. Sasa hilo ni karatasi gani?

Mzee Kibuyu
Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Mnapoteza muda. Mfano mzuri uko wazi: Wandorobo wa Mau walienda Mahakama ya Juu ya Kenya, wakashinda 2017, wakarudishiwa msitu wao. Mwisho wa habari. Mahakama ndiyo dawa.

Asali ya Mau
Shikamoo yako ipokewe na walio wakubwa kwako, mzee. Mimi nakuamkia, shikamoo. Lakini naomba nikurekebishe mambo matatu, na nisikilizwe kwa sababu naongea juu ya kwetu.

Sisi ni Ogiek. "Dorobo" ni neno tulilobandikwa kutoka kwa Wamaasai, lenye maana ya mtu asiye na ng'ombe, yaani maskini. Babu yangu hakuwa maskini. Alikuwa na mizinga ya mwerezi juu ya miti ambayo kila mmoja aliujua kama unavyojua watoto wako, na asali yake ndiyo iliyotoa mahari ya wanawe.

Pili, haikuwa Mahakama ya Juu ya Kenya. Ni Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ile iliyoko Arusha. Chanzo chake ni notisi ya siku 30 tuliyopewa Oktoba 2009 tuondoke Mau. Hukumu ilitoka tarehe 26 Mei 2017.

Tatu, hatukurudishiwa msitu. Tarehe 23 Juni 2022 mahakama iliamuru serikali itulipe shilingi 57,850,000 kwa hasara ya mali na 100,000,000 kwa machungu, na turudishiwe ardhi kwa hati ya pamoja. Novemba 2023 nyumba za watu wetu zilibomolewa upande wa Narok. Hukumu ikiwa mkononi.

Kwa hivyo Nyika Moja, karatasi tunayo. Tena imegongwa muhuri na majaji wa bara zima.

Nyika Moja
Asali ya Mau, pole, na asante. Nilikuwa najua hukumu, sikujua nyumba zilibomolewa baada yake.

Tikiti Maji
Mleta mada ameanza kuyumba mapema, hata ukurasa wa pili hatujafika.

Wakili wa Mwembeni
Niongeze kwa Asali. Waendorois wa Ziwa Bogoria, Kenya, walitangulia: walitolewa kwao miaka ya 1970 ardhi ilipofanywa hifadhi, Tume ya Afrika ikawapa haki, uamuzi ukatangazwa Februari 2010. Utekelezaji umesuasua hivyo hivyo. Na kule Botswana, Roy Sesana na wenzake wa jamii za San walishinda Desemba 2006 kurudi kwao katika Hifadhi ya Kalahari ya Kati, kisha ikabidi warudi tena mahakamani mpaka 2011 kudai haki ya kutumia kisima cha maji. Ushindi wa kwanza ulikuwa wa kurudi. Wa pili ulikuwa wa kunywa maji ukisharudi.

Asali ya Mau
Nataka niseme kitu ambacho watu hawakioni kwenye kesi. Kabla ya kesi, Ogiek wa Tinet, wa Nkareta, wa Marioshoni, kila mmoja alikuwa na shida yake na mbunge wake. Kesi ilipoanza ilibidi wazee waelezee mipaka ya kila ukoo msituni: mto huu, bonde hili, mti ule. Wazee wetu hawakuwahi kuulizwa hivyo na mtu yeyote. Nilikuwa msichana mdogo, nikawa namwekea chai mzee mmoja wa ukoo wetu akihojiwa. Alitaja majina ya mabonde saa tatu mfululizo, kwa Kiogiek, bila kurudia hata moja. Kijana aliyekuwa anaandika akaishiwa na daftari, nikatumwa nikalete la shule la kwangu.

Hilo daftari ninalo mpaka leo. Mzee alishafariki. Hukumu haijatekelezwa, lakini watu waliojifunza kukaa kikao kimoja hawajasahau.

Bibi Masijala
Mimi nimestaafu, nilikuwa mtendaji wa kijiji miaka kumi na minane mkoa wa Manyara. Nimesoma uzi wote nikaona mnaitaja hati kama vile inashuka kutoka mbinguni. Ngoja niwaambie inavyopatikana.

Kwanza kijiji kiwe na mpango wa matumizi ya ardhi. Hapa makazi, hapa mashamba, hapa malisho ya kiangazi, hapa msitu. Halafu mnatembea mpaka. Mnatembea kweli kweli, wazee wa vijiji viwili na vijana wenye kifaa cha kupimia, na kila mti mnaofika kuna mtu anasema "hapana, ulikuwa ule wa kule". Siku moja tulikaa chini ya mgunga kutoka asubuhi mpaka jua linazama kwa ajili ya hatua arobaini. Kisha halmashauri ya kijiji, kisha mkutano mkuu, kisha wilaya. Mwisho mnapata karatasi yenye sahihi na mihuri, na nakala inakaa kwenye masijala ya ardhi ya kijiji. Masijala maana yake ni kabati. Kabati lisipokuwepo, ni sanduku la mtendaji chini ya kitanda.

Sasa kisa. Kijiji kimoja nilichohudumu, mwenyekiti wa wakati huo alikubaliana na mgeni amkodishie upande wa malisho alime maharage. Tukaitwa mkutano. Mwenyekiti akasema eneo lile halimo kwenye hati. Nami nakala ya ofisini sikuwa nayo, ilikuwa imepelekwa wilayani kwa marekebisho. Watu wakanyamaza. Akasimama mama mmoja mfugaji, akafungua mfuko wa plastiki anaowekea kadi za kliniki za watoto, akatoa nakala iliyokunjwa mara nne. Hajui kusoma. Alikuwa ameiomba siku hati zinatolewa kwa sababu jina lake lilikuwa kwenye orodha ya wajumbe. Akampa binti yake wa kidato cha pili, binti akasoma maelezo yote ya mpaka kwa sauti, kutoka mgunga ule mpaka korongo, korongo mpaka njia ya ng'ombe. Mgeni akapanda pikipiki akaondoka.

Haya niambieni. Nani aliokoa malisho pale: hati, mama, au shule ya binti?

Enkare
Bibi, umenimaliza.

Tikiti Maji
Mama wa mfuko wa plastiki apewe tuzo leo leo.

Nyika Moja
Shikamoo Bibi. Nakubali kwamba hati inahitaji mtu wa kuisimamia. Lakini bila hati yule binti angesoma nini?

Bibi Masijala
Marahaba mwanangu. Na bila binti ingebaki imekunjwa.

Kinubi
Hakuna aliyegusa lugha. Bibi yangu mzaa baba ni Mwakie wa Kiteto. Kama hamuwajui Waakie ni kwa sababu ni wachache na wamezoea kujificha ndani ya makabila ya jirani. Bibi alikuwa akinisemesha Kiakie, mimi najibu Kiswahili, kwa sababu shuleni tulichekwa. Sasa mimi ndiye "niliyefanikiwa" katika ukoo. Nina shahada mbili, na siwezi kumwombea bibi yangu kwa lugha aliyonilelea. Ardhi tunayo kiasi. Lakini kila nikirudi naona jamii imesinyaa, na siyo mipaka iliyosinyaa.

Wamaori, wenyeji asilia wa New Zealand, walipambana na hili mapema. Mwaka 1982 walianzisha kōhanga reo, yaani kiota cha lugha: vitoto visivyojua hata kufunga viatu vinashinda na mabibi na mababu wanaosema Kimaori tu. Kizazi cha katikati kilikuwa kimeipoteza lugha, basi wakakiruka, wakaunganisha mwanzo na mwisho. Miaka mitano baadaye, 1987, sheria ikaifanya Kimaori lugha rasmi ya New Zealand. Waliobeba kazi yenyewe kila siku hawakuhitaji cheo. Walikuwa mabibi wenye lugha vinywani.

Msomi wa Usiku
Kinubi, asante kwa kuwataja Wamaori, maana kwao suala la mleta mada liko kama limepimwa kwa rula. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ya 20 shule moja, Te Aute, ilitoa vijana kadhaa hodari. Apirana Ngata alisomea sheria, akawa mbunge kuanzia 1905 mpaka 1943, akahangaika na kuunganisha vipande vya ardhi vya koo ili viendeshwe kwa pamoja, na 1927 ikaanzishwa shule ya uchongaji Rotorua kwa juhudi zake. Maui Pomare alikuwa daktari, akazunguka vijijini kuhimiza maji safi na vyoo wakati watu wake walikuwa wakifa kwa maradhi. Wa tatu, Te Rangi Hīroa, daktari pia, hatimaye akaenda kuongoza jumba la makumbusho Hawaii na kuandika juu ya watu wa Polinesia. Wote watatu watoto wa shule moja. Mmoja alishika ardhi na sanaa, mmoja afya, mmoja akaondoka na kuandika. Wajukuu wao leo wanawataja wote.

Kifaru Mpole
Msomi kapanda ndege mpaka New Zealand akaruka Bahari ya Hindi yote! Lakini nina swali la kweli. Huyo wa tatu aliyeondoka, kwa mizani ya Nyika Moja, alijiimarisha mwenyewe au?

Msomi wa Usiku
Alichoandika kinasomwa na watu wake mpaka leo. Kuondoka si lazima kuwe kutelekeza. Parkipuny naye alisema maneno yake Geneva, hakuyasemea Loliondo.

Mchunga Bustani
Nimechagua jina hili kwa sababu ya mtu mmoja, kwa hiyo lazima nimtaje. Eddie Koiki Mabo wa kisiwa cha Mer, mlango wa bahari wa Torres, Australia. Alikuwa mtunza bustani katika Chuo Kikuu cha James Cook pale Townsville. Akiwa na jembe lake alikuwa akizungumza na wanahistoria wa chuo, na siku moja katika mazungumzo wakamweleza kwamba ardhi ya babake huko Mer, kisheria, si yake. Ni ya Taji la Uingereza. Fikirini mtu anayejua mpaka wa shamba la ukoo wake mti kwa mti, anaambiwa hivyo na watu wanaompenda.

Mwaka 1973 alikuwa ameshaanzisha shule ya watoto weusi Townsville. Mwaka 1982 yeye na wenzake wa Mer wakafungua kesi. Ikachukua miaka kumi. Mabo akafa kwa saratani Januari 1992. Tarehe 3 Juni mwaka huo huo, majaji sita dhidi ya mmoja wakasema dhana kwamba Australia ilikuwa ardhi isiyo na mwenyewe ni batili. Hakuisikia hukumu yake.

Hakuwa na shahada. Hakuwa chifu. Alikuwa na kumbukumbu ya mipaka, kama yule mzee wa Asali na yule mama wa Bibi Masijala.

Asali ya Mau
Mchunga Bustani, nimelia kazini. Watu wananiangalia.

Mzee Kibuyu
Nimesoma yote. Asali, nakubali nilikosea mahakama, na lile neno sitalitumia tena. Sikujua maana yake, nililisikia tangu utotoni likitumika tu.

Asali ya Mau
Asante mzee. Umenipa heshima.

Fundi Bomba
Mimi ni fundi wa maji, niruhusuni niongee lugha yangu. Wilma Mankiller, wa taifa la Cherokee, watu wa asili wa Oklahoma, Marekani. Watu wanamjua kama mwanamke wa kwanza kuchaguliwa chifu mkuu wa Cherokee, aliongoza 1985 mpaka 1995. Mimi namjua kwa bomba.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alipelekwa kijiji kinaitwa Bell. Nyumba nyingi hazikuwa na maji. Watu wa nje walisema wakazi wa pale hawatajitolea. Yeye na Charlie Soap, ambaye baadaye alikuja kuwa mumewe, wakakaa na watu, wakauliza wao wenyewe wanataka nini kwanza. Wakajibu maji. Fedha zikatafutwa, lakini mitaro wakachimba wenyewe, familia kwa familia, kila moja na kipande chake, maili 16 za bomba. Waliomaliza walihamia kwa walioelemewa. Wacherokee wana neno la hiyo kazi, gadugi. Sisi tunaita msaragambo, Kenya wanasema harambee.

Nimewahi kufunga mradi wa maji wa fedha nyingi uliokauka mwaka wa pili, kwa sababu hakuna mkazi aliyeshika koleo. Koki ikivuja wanakaa wanamsubiri aliyeleta. Bomba ulilolichimbia mwenyewe, ukisikia linavuja usiku unaamka.

Tikiti Maji
Sasa tuna ardhi, shule, mahakama, lugha, bomba. Nyika Moja rudi utetee hoja yako, imezingirwa.

Enkare
Ongeza wazee. Nice Leng'ete wa Kajiado alikimbia tohara akiwa mtoto, na babu yake ndiye aliyekubali asilazimishwe. Alipokua hakupigana na wazee hadharani. Alikwenda kwao tena na tena, wengine wakakataa hata kukaa naye, akaanza na wachache waliokuwa tayari kumsikia, kisha morani, kisha wale wengine. Walikuja kumpa esiere, ile fimbo nyeusi ya wazee, mwanamke wa kwanza kupewa. Sherehe za kuvusha wasichana zikabaki na nyimbo na baraka, wembe ukaondolewa. Angekuja na sheria tu mkononi, wangeitikia kisha wakafanya usiku.

Wakili wa Mwembeni
Hapo naomba tahadhari. Kila tunapomsifu mtu mmoja tunamweka peke yake uwanjani. Berta Cáceres wa Walenca, jamii ya asili ya Honduras, alipinga bwawa la umeme la Agua Zarca katika mto Gualcarque. Alipewa Tuzo ya Goldman 2015. Tarehe 2 Machi 2016 aliuawa nyumbani kwake. Tuzo haikumkinga. Wafadhili wa bwawa wakajiondoa, na COPINH, umoja alioshiriki kuuanzisha 1993, bado upo. Lakini watoto wake wamebaki bila mama. Nikisikia watu wanataka kiongozi mmoja shupavu, huwa nauliza nani anasimama kushoto na kulia kwake.

Kinubi
Kweli kabisa. Na si kila kushindwa ni kushindwa. Wasami, watu wa asili wa kaskazini mwa Norway, waligomea chakula mbele ya bunge Oslo 1979 kupinga bwawa la Alta. Bwawa lilijengwa. Lakini makelele yale yalizaa Sheria ya Wasami 1987, na Oktoba 1989 bunge lao wenyewe likafunguliwa Karasjok. Mto ulipotea, wakapata pa kuzungumzia mito mingine.

Kifaru Mpole
Na mimi nitoe langu, maana nilianza kwa kupinga. Uzi huu umenikumbusha kwamba kwetu Njombe hakuna aliyewahi kutuambia tuache kulima ili tuwe watu. Mfugaji na mwindaji wameambiwa hivyo kila siku tangu uhuru. Bado neno lenyewe linanisumbua. Lakini tofauti nimeiona.

Nyika Moja
Wakuu, nimesoma kila neno. Bado naamini ardhi ndiyo mwanzo, maana kiota cha lugha kinahitaji mahali pa kutua na bomba la Fundi linahitaji pa kuchimbiwa. Ila nafuta sentensi ya "wamejiimarisha wenyewe". Haikuwa haki kwa Kakenya, wala kwa Kinubi ambaye yuko humu ndani na anaumia.

Jana nilimpigia mama kijijini, nikamuuliza hati yetu iko wapi. Hakujua. Akamuuliza mwenyekiti. Mwenyekiti kasema imo ndani ya kabati la ofisi, ufunguo alihama nao mtendaji wa zamani.

Bibi Masijala
Nilijua tu. Nenda na barua ya mkutano wa kijiji, usiende peke yako. Kabati likifunguliwa, toa nakala hapo hapo kabla hamjaanza kupongezana. Moja ibaki ofisini. Moja kwa mwanamke anayetunza kadi za kliniki vizuri, kila kijiji kinaye, muulize nesi wa zahanati.

Asali ya Mau
Na beba daftari. Wazee wakianza kutaja mipaka hawasubiri.

Nyika Moja
Naondoka Alhamisi. Mama kasema mdogo wangu wa kike aombewe ruhusa shuleni siku moja, yeye ndiye atakayesoma.